Mwanasayansi akiandika siasa, nimsikilize kwa kiasi gani?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha kidato cha tano na cha sita. Nimezoea kusoma makala za mwanasayansi mmoja mstaafu wa Uingereza. Leo anaandika juu ya treni iliyochelewa, kesho juu ya uchaguzi, keshokutwa juu ya ndege aliyemwona bustanini kwake. Nikiwasomea wanafunzi wangu wananiuliza: mtu aliyesomea vijidudu, kwenye siasa tumsikilize kwa lipi? Nimekosa jibu. Hivi maoni ya mwanasayansi nje ya fani yake yana uzito wowote? Tabia hii Waingereza waliipata wapi? Na kama yupo wa zamani ninayeweza kuwasomesha, nitajie.

Jibu: Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho, maana likijibiwa hilo mengine yatajijibu njiani. Wasomeshe J.B.S. Haldane. Alizaliwa Oxford mwaka 1892, akafia Bhubaneswar, India, mwaka 1964, na katikati ya miaka hiyo hakukuwa na jambo lililompita bila kuliandikia. Kwenye somo lako jina lake hupita haraka tu, pale kwenye asili ya uhai, likiwa limeongozana na la Oparin wa Urusi. Kazi yake kubwa iko kwingine. Yeye, Ronald Fisher na Mmarekani Sewall Wright ndio watatu walioiingiza hesabu kwenye nadharia ya Darwin, hadi uteuzi wa asili ukawa kitu cha kupigiwa kikokotoo.

Maoni ya mwanasayansi kuhusu siasa hayapati uzito wowote kutokana na cheo chake. Yanaupata pale anapokutandikia hesabu yake mezani nawe ukaweza kuikagua mstari kwa mstari. Haldane anafaa kufundishia hilo kwa sababu maishani mwake alipita njia zote mbili: mara nyingi alionyesha hesabu, na mara moja kubwa aliificha.

Kwanza uwaambie wanafunzi wako jambo moja. Huyu bwana hakuwa na shahada ya sayansi. Oxford alianza na hisabati, kisha akahamia Kigiriki, Kilatini na falsafa, na hiyo ndiyo shahada aliyoipata mwaka 1914 kabla ya kwenda vitani Ufaransa na Iraki. Sayansi aliipata nyumbani. Baba yake, John Scott Haldane, alikuwa mtaalamu wa upumuaji aliyechunguza hewa ya migodini na kuandaa majedwali ya kuwapandisha wapiga mbizi bila kuwaumiza, na alimchukua mwanawe kila alikokwenda. Mtoto akiwa bado mdogo sana, baba alimshusha kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akamsimamisha mahali palipojaa methani na kumwamuru aighani hotuba ya Antonio kutoka Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, ile ile ambayo Mwalimu Nyerere alikuja kuitafsiri kwa Kiswahili. Kijana akaanza kuhema, miguu ikalegea, akaanguka sakafuni. Chini pale hewa ilikuwa nzuri. Hivyo alijifunza kwamba methani ni nyepesi kuliko hewa na hukaa juu. Siku hizi mzazi kama yule angeitwa ustawi wa jamii, na pengine ingekuwa sawa, lakini ukimsoma Haldane utaona kwamba somo lile halikumtoka. Jambo alilithibitisha kwa mwili, mara nyingi wa kwake mwenyewe.

Kuhusu tabia ya Waingereza sitakaa sana. Mwaka 1825 Royal Institution ya London ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana, na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, akaja kuiongoza miaka mingi. Mshumaa mmoja ulimtosha kwa mihadhara kadhaa ya kemia. Mwaka 1868 Thomas Huxley aliwahutubia wafanyakazi wa Norwich akianzia kwenye kipande cha chaki, cha aina anayoandikia seremala, na kutoka kwenye chaki hiyo akawapeleka hadi historia ya dunia na viumbe vyake. Kinachounganisha mihadhara hiyo ni mwanzo wake: unaanza na kitu ambacho msikilizaji anakijua, kisha unamvuta taratibu hadi asikokujua. Shule zilipoenea na magazeti yakawa rahisi kununua, mihadhara ikageuka makala. Haldane alikuta njia imeshasafishwa.

Sasa tumwone kazini. Makala yake maarufu kuliko zote, iliyotoka katika jarida la Marekani mwaka 1926, inahusu ukubwa. Anauliza kwa nini hakuna sungura mkubwa kama kiboko wala jitu la hadithini. Mchukue mtu, mfanye awe mrefu mara kumi, mpana mara kumi, mnene mara kumi. Uzito wake unapanda mara elfu moja. Lakini unene wa mfupa, yaani eneo lake ukiukata katikati, unapanda mara mia tu. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mara kumi ya ilivyozoea, na mfupa wa paja la binadamu huvunjika karibu na kiwango hicho hicho. Jitu litavunjika mapaja kila likipiga hatua. Kisha anateremka upande wa pili. Mtupe panya mdogo kwenye shimo la mgodi lenye kina kinachokaribia kilomita moja. Akifika chini kwenye udongo laini anashtuka kidogo na kuondoka zake, kwa sababu eneo la mwili wake, linalozuiwa na hewa, ni kubwa mno likilinganishwa na uzito wake. Mtu anavunjika. Farasi anatapakaa. Lakini huyo huyo panya akilowa hubeba maji yenye uzito sawa na wake, wakati mtu anayetoka kuoga anabeba kama nusu kilo asiyoihisi. Nzi akilowa ndiyo basi tena: maji yaliyomganda yana uzito mara nyingi kuliko yeye. Mdudu haogopi kuanguka, anaogopa kunywa.

Hadi hapo ni baiolojia safi. Lakini Haldane hawezi kujizuia, na mwishoni anaingia kwenye siasa kwa mlango huo huo: kama kila mnyama ana ukubwa unaomfaa, na taasisi za watu je? Demokrasia ya Wagiriki wa kale iliwezekana kwa sababu raia wote waliweza kukusanyika na kumsikia msemaji mmoja. Uwakilishi bungeni ndio uliowezesha nchi kubwa, na redio huenda ikabadilisha tena mambo. Ujamaa je? Yeye aliyekuja kuwa mkomunisti wa kadi anakiri pale kwamba haoni ugumu kuufikiria katika nchi ndogo kama Ubelgiji au Denmark, lakini kuifikiria Himaya nzima ya Uingereza au Marekani ikiendeshwa hivyo kwake ni sawa na kumfikiria tembo akipiga sarakasi.

Tazama alivyofanya, Mwalimu. Hakusema “mimi profesa nawaambia ujamaa hauwezekani.” Amekupitisha kwenye mifupa na panya hadi ukazoea kanuni, kisha akauliza kama kanuni hiyo inahusu na serikali. Una haki ya kumjibu kwamba serikali haina mifupa, kwamba mfano wa mnyama unaweza kukupoteza ukiuchukulia kama ushahidi. Mimi nadhani hivyo hasa. Ile sehemu ya siasa ndiyo dhaifu kuliko zote katika makala. Ila ninaweza kuuonyesha udhaifu huo kwa sababu yeye mwenyewe ameuacha wazi.

Kuna hesabu zake nyingine zinazochefua. Mwaka 1925 alitoa kitabu kidogo cha kutetea silaha za gesi. Hoja: yeye alikuwa vitani, alipigwa na makombora na alipumua gesi, na anaona gesi ni afadhali. Kwa majeruhi wa gesi ya haradali waliokuwa wanajeshi wa Uingereza, alikufa karibu mmoja kati ya arobaini, wakati makombora yaliua kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa hiyo wanaoilaani gesi kwa jina la ubinadamu hawajapiga hesabu. Humo humo anapendekeza kwamba ingewezekana kuwapata wanajeshi weusi ambao ngozi zao zingestahimili gesi hiyo kuliko za wazungu wengi, na kwamba wazungu wastahimilivu wa kutosha kuwa maafisa wao wapo. Soma hapo taratibu. Mtu huyu baadaye aliandika vikali kuliko wengi dhidi ya nadharia za ubaguzi wa rangi, lakini akiwa na miaka 32 Mwafrika alikuwa kwake kifaa cha kupitia kwenye gesi. Na kuhusu hesabu yenyewe: aliyebaki hai akiwa na mapafu yaliyoungua haonekani kwenye safu ya waliokufa. Wape wanafunzi wako sura hiyo waone hesabu sahihi inavyoweza kumfikisha mtu pabaya kwa sababu ya safu alizochagua kuzihesabu.

Sasa nije kwenye kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo bora kuliko zote alizoziandika kwa ajili ya siasa. Katika miaka ya 1930 kulikuwa na fikra iliyopendwa sana Ulaya na Marekani kwamba taifa litasafishika likiwazuia kuzaa watu wenye magonjwa ya kurithi na wale walioitwa wapungufu wa akili. Jimbo la Indiana lilikuwa limepitisha sheria ya kuwahasi mapema kama 1907. Ujerumani ya Hitler ikapitisha ya kwake mwaka 1933. Na usidhani waliounga mkono walikuwa wendawazimu wa pembeni. Walikuwemo maprofesa na watu wa dini, na huko Uingereza hoja ilifika bungeni. Haldane mwenyewe ujanani alikuwa amezipapasa fikra hizo. Mwaka 1938 alizijibu kwa kitabu kizima, na silaha yake ilikuwa hesabu unayoifundisha wewe kila mwaka, ile ya Hardy na Weinberg.

Nakupigia kwa namba nilizochagua mimi. Chukua ugonjwa unaotokea pale tu mtoto anaporithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia. Tuseme jeni hiyo ni moja kati ya mia. Wagonjwa watakuwa mmoja katika kila watu 10,000. Wabebaji, wazima kabisa, wasiojijua, watakuwa 198 katika hao hao 10,000. Nakala mbovu ziko 200 kwa jumla: mbili kwa mgonjwa, 198 kwa majirani zake. Ukimhasi mgonjwa umeondoa asilimia moja. Rudia kizazi baada ya kizazi, bila huruma, bila kumkosa hata mmoja, na itakuchukua vizazi 100 kuipunguza jeni hiyo kwa nusu. Kizazi kikiwa miaka 25, hiyo ni miaka 2,500. Na yote haya ni kabla hujagundua kwamba wengi wa hao wagonjwa hata hivyo hawafikii umri wa kuzaa.

Hesabu ingegeuka kama ugonjwa ungesababishwa na nakala moja tu. Hapo kila mbebaji ni mgonjwa na anaonekana. Lakini hata hapo kuna kizingiti kingine, nacho Haldane alikipima mwenyewe mwaka 1935. Akitumia ugonjwa wa damu kutoganda, alikadiria mara ngapi jeni nzima huharibika yenyewe ikawa mbovu: karibu mara moja katika 50,000 kwa kila kizazi. Ndilo kadirio la kwanza la aina hiyo kwa binadamu, na maana yake ni kwamba magonjwa mengine huzaliwa upya kwenye familia safi. Mfano alioupenda ni wa Malkia Victoria, ambaye kupitia mabinti zake ugonjwa huo ulifika hadi kwa Alexei, mrithi wa kiti cha ufalme wa Urusi. Haldane aliona kuna uwezekano mkubwa kwamba kasoro ilianza kwenye mwili wa baba yake Victoria, mtoto wa mfalme. Kama damu ya kifalme haina kinga, mpango wa kusafisha taifa kwa kuwahasi maskini umesimama juu ya nini?

Hapo ndipo mwanasayansi ana kitu ambacho mimi na wewe hatuna. Hakubishana na wanasiasa wale juu ya wema na ubaya, ingawa alikuwa na maoni yake huko pia. Alisema: hata nikikubali lengo lenu, njia yenu haifiki. Sentensi hiyo inaweza kukaguliwa na mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye kalamu.

Kwa wakati huo alikuwa profesa University College London na mkomunisti asiyejificha. Hispania alikwenda zaidi ya mara moja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kuishauri serikali ya jamhuri juu ya gesi na mabomu, akajionea miji inavyoshambuliwa kutoka angani. Aliporudi aliitaka serikali yake ichimbe mahandaki marefu ya kina chini ya London. Serikali ikaona ghali, ikagawa vibanda vya bati nene vya kufukia bustanini, jambo zuri kwa mwenye bustani. Mabomu yalipoanza mwezi Septemba 1940, watu wa mitaa ya ghorofa walishuka wenyewe kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, ambavyo wakubwa hawakutaka vitumiwe hivyo, na baadaye serikali ikachimba mahandaki manane ya kina London.

Mwaka 1939, tarehe 1 Juni, nyambizi mpya iitwayo Thetis ilizama kwenye ghuba ya Liverpool ikiwa kwenye majaribio, wakafa watu 99, wakiwemo mafundi na raia wa kawaida. Vyama vya wafanyakazi vilimwomba Haldane aeleze wenzao walikufaje. Alijifungia kwenye chumba cha chuma pamoja na watu wanne waliokuwa wamepigana Hispania, wakakaa humo saa nyingi wakipumua hewa ile ile waliyokwisha kuitoa, ili ajue akili na mwili vinaanza lini kuvurugika kwa hewa ukaa. Kutoka hapo akaingia kazi ya Jeshi la Majini wakati wa vita, akijaribia mwilini mwake gesi chini ya mgandamizo mkubwa. Oksijeni ilimtia degedege lililomvunja pingili za uti wa mgongo, na maumivu yale hayakumwacha. Ngoma ya sikio ilitoboka katika majaribio ya namna hiyo. Aliandika kwamba sasa anaweza kutolea moshi wa tumbaku sikioni, burudani nzuri mbele ya wageni.

Na katikati ya hayo yote aliandika karibu kila wiki kwenye Daily Worker, gazeti la wakomunisti, tangu mwishoni mwa 1937 hadi 1950: zaidi ya makala 300. Mafua, nyota, popo, vumbi la migodini linaloua mapafu. Msomaji wake alikuwa kondakta wa basi au fundi bomba aliyeacha shule akiwa na miaka 14, na Haldane hakumshushia kitu. Serikali ililifunga gazeti hilo kuanzia Januari 1941 hadi Septemba 1942, naye akiwa mwenyekiti wa bodi yake ya uhariri. Kwa haki niseme pia kwamba gazeti lilikuwa likipinga vita dhidi ya Hitler wakati huo, kwa sababu tu Stalin alikuwa amefunga mkataba naye. Na hapo ndipo harufu ya matatizo inapoanza.

Alikuwa na rafiki aitwaye Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mazao wa Kirusi, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu, Ethiopia ikiwemo, na aliyemwalika Haldane Urusi mwaka 1928. Adui wa Vavilov alikuwa Trofim Lysenko, mtu aliyedai kwamba ngano inaweza kufundishwa tabia mpya na kuzirithisha, na kwamba jeni ni uzushi wa mabepari. Stalin alimpenda Lysenko. Vavilov alikamatwa 1940, akafa gerezani Saratov Januari 1943. Agosti 1948 ikatangazwa rasmi Moscow kwamba Lysenko ndiye sahihi, na waliofundisha jenetiki wakafukuzwa kazi.

Hakuna mtu Uingereza aliyekuwa na uwezo zaidi wa kuikagua hesabu ya Lysenko kuliko Haldane. Na hesabu yenyewe haikuwepo. Novemba ile BBC iliwakusanya wataalamu wanne redioni. Watatu, Fisher akiwemo, walisema wazi kwamba huyu ni tapeli aliyepewa rungu. Haldane alizunguka. Hapa Lysenko amekosea, pale huenda ana neno, tusubiri ushahidi kamili. Huyu ndiye mtu asiyemsubiria waziri wa Uingereza hata dakika moja. Nyani haoni kundule. Alijitenga na chama karibu na mwaka 1950, bila kishindo, na kauli nzito ya hadharani ambayo wenzake waliingoja juu ya Vavilov haikuja.

Nimesoma watetezi wake wanaosema alikuwa kwenye mtego: angelaani, magazeti ya upande wa pili yangesherehekea. Ni kweli yangesherehekea. Lakini msomaji wake wa Daily Worker, yule kondakta aliyezoeshwa miaka kumi kwamba Haldane humwonyesha jinsi alivyofikia jibu, safari hii alipewa jibu bila hesabu, na hakuwa na njia ya kujua kwamba amepewa cha aina nyingine. Kosa ninalomhesabia ni hilo. Maoni ya kisiasa kila mtu anayo, hata ya kipumbavu. Yeye aliyatoa ya kichama akiwa amevaa koti la maabara.

Je, katika kazi zake kuna jambo linalotugusa sisi huku Afrika Mashariki? Lipo, na ni kubwa. Mwaka 1949 kilichapishwa alichowaambia wanajenetiki waliokutana Stockholm mwaka uliotangulia: kwamba ugonjwa mmoja wa damu ulioenea pwani za Bahari ya Kati huenda umebaki kwa sababu wabebaji wake wanastahimili malaria. Wazo la namna hiyo lilithibitishwa huku kwetu, kwa selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949 akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji wanapita asilimia 20, na nyanda za juu, kwenye mbu wachache, hawafiki asilimia moja. Mwaka 1954 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mbebaji anakingika dhidi ya malaria. Sasa rudisha hilo kwenye wale wahasi wa 1933. Jeni ambayo wangeiita mbovu ndiyo iliyowalea babu zako na babu zangu hadi tukazaliwa.

India alihamia 1957, kwenye taasisi ya takwimu ya Calcutta. Alitoa sababu ya heshima: uvamizi wa Misri mwaka 1956 kwa ajili ya Mfereji wa Suez, ambao alisema hauvumilii. Alitoa na nyingine, kwamba miaka 60 ya kuvaa soksi inatosha. Akavaa kihindi, akaacha nyama, akachukua uraia. Mwaka 1964, akiwa na saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, alichapisha London shairi la kuchekesha juu ya ugonjwa wake, lenye ujumbe wa kitabibu kabisa: ukiona damu mahali isipotakiwa, nenda kwa daktari mapema. Mwili wake aliuachia chuo cha udaktari cha Kakinada.

Kwa darasani ningefanya hivi. Ile ya ukubwa iwe ya kwanza, na uwape panya na jitu wapige wenyewe kabla hawajasoma jibu. Ya pili iwe hesabu ya jeni moja kati ya mia. Wabadilishie namba, wafanye iwe moja kati ya hamsini, waone vizazi vinashuka hadi hamsini. Wakitaka kuandika za kwao, wape kanuni aliyoiacha Haldane kwa waandishi wa sayansi: anza na kitu ambacho msomaji anakijua, jua mengi kuliko unayoandika, na ukimaliza mpe rafiki asiyejua lolote asome, asipokuwepo, ifungie kabatini miezi sita kisha uone kama wewe mwenyewe unaielewa. Gesi na Lysenko viache hadi muhula wa pili, watakapokuwa wameshampenda.